Maji Yasiyofika Kituoni

Tangu turudi kutoka ule mkutano wa wanafunzi, wazazi wengi wametuuliza swali moja: mlikwenda kutafuta nini? Wengine wameongeza, kwa uchungu kidogo, kwamba siasa imekwisha kutuumiza vya kutosha katika nchi hii, na kwamba si kazi ya katekista kuwapeleka watoto wa parokia kuifanyia mazoezi. Swali lao ni la haki. Tunalijibu hapa kwa maandishi, kwa sababu jibu letu ni refu kuliko mazungumzo ya mlangoni baada ya Misa, na kwa sababu sehemu yake moja hatukuwahi kumwambia mtu yeyote kwa miaka zaidi ya 30.

Tueleze kwanza jambo lenyewe. Kwa siku tatu, katika ukumbi wa shule moja ya hapa Lubumbashi, wanafunzi wapatao mia moja walikutana kuigiza vikao vya Umoja wa Mataifa. Desturi hii ni ya zamani kuliko Umoja wa Mataifa wenyewe. Katika miaka ya 1920 wanafunzi wa vyuo vya Marekani walikwisha kuanza kuigiza vikao vya Shirikisho la Mataifa, na baada ya 1945 wakaugeukia Umoja wa Mataifa uliozaliwa mwaka ule. Huko The Hague, nchini Uholanzi, mkutano wa namna hii kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari ulianza mwaka 1968. Kwetu sisi ulikuwa wa kwanza. Vijana 12 wa parokia yetu walishiriki, nasi walezi watatu tuliwasindikiza, tukiketi nyuma ya ukumbi na daftari zetu, bila ruhusa ya kusema neno.

Kila mwanafunzi hupewa nchi ya kuiwakilisha, na haichagui mwenyewe. Ndani ya kamati haitwi tena kwa jina alilopewa na wazazi wake. Huitwa Brazili, au Misri, au Ubelgiji. Kijana mmoja wetu, ambaye babu yake alitumika mgodini wakati wa ukoloni na alirithi kwake hadithi nyingi za kiboko, ndiye aliyeangukiwa na Ubelgiji. Alitujia amekasirika, akasema, “Mwalimu, hawa siwezi kuwatetea.” Tulimjibu kwamba hakuna aliyemwomba awapende, ila alitakiwa kujua walikuwa wakisema nini na kwa nini. Alisoma kwa wiki tatu. Siku ya mkutano alisema maneno ambayo hakuyaamini hata moja, na aliyasema vizuri hata wenzake wakamkasirikia. Jioni, mbele ya bukari na sombe, alituambia kwamba sasa angeweza kuyapinga maneno yale vizuri zaidi kuliko zamani, maana alikuwa amepita ndani yake. Huo ulikuwa ushindi wetu wa kwanza.

Kamati zilikuwa tatu. Mbili zilifanya kazi kwa mwendo wa kawaida: moja ilizungumza juu ya silaha ndogondogo, nyingine juu ya watoto wanaochimba madini. Mwendo huo una utaratibu wake. Mwenyekiti huita majina ya nchi, na kila mjumbe huitika. Hufunguliwa orodha ya wasemaji, na kila mmoja hupewa dakika yake, wala hazidishi. Baadaye mjumbe aweza kuomba kikao kisimame kwa muda ili watu wazungumze wakiwa wamesimama, kwa makundi, bila orodha. Hapo ndipo kazi ya kweli hufanyika. Makundi huandika karatasi za kazi, karatasi huunganishwa, zikapata sahihi za kutosha zikawa rasimu ya azimio. Rasimu ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza husema kile ambacho kamati inakumbuka, inasikitikia au ina wasiwasi nacho. Sehemu ya pili, yenye namba, husema kile ambacho kamati inaomba, inashauri au inaamua. Kisha huja marekebisho, na mwisho huja kura.

Tuliona mengi ya kuwasifu. Tuliona pia kwamba wale waliosema mara nyingi mbele ya kipaza sauti hawakuwa wale walioandika. Katika kamati ya watoto wa migodini, binti mmoja mnyamavu hakuomba neno hata mara mbili kwa siku nzima, lakini alipita kutoka kundi hadi kundi na karatasi yake yenye aya moja juu ya karo ya shule, na jioni aya ile ilikuwa ndani ya rasimu zote mbili zilizoshindana. Wale tunaokaa katika mabaraza ya parokia tunaujua ukweli huu. Kelele za mkutano husahauliwa, na aya iliyoandikwa hubaki.

Kamati ya tatu ilikuwa ya namna nyingine. Huko hakuna mwendo wa taratibu. Kuna igizo la dharura. Wajumbe huwekwa ndani ya tukio moja, na nyuma ya ukuta kuna chumba ambamo waandaaji hukaa na kuandika habari mpya. Mlango hufunguliwa bila kutazamiwa, mtu huingia na karatasi, husoma: jeshi fulani limevuka mto, waziri fulani amejiuzulu. Wajumbe hawana nafasi ya kuandika azimio la kurasa nne. Huandika maagizo mafupi, huyapigia kura palepale, huyapeleka nyuma ya ukuta, na baada ya dakika chache habari nyingine huja kuonyesha matunda ya maagizo yale, mazuri au machungu. Saa ya igizo hukimbia kuliko saa ya ukutani: asubuhi moja yaweza kuwa wiki nzima.

Tukio lililochaguliwa lilikuwa letu wenyewe: Baraza la Usalama, Julai 1960. Ninyi vijana mmelisoma darasani, lakini tulikumbushe. Nchi ilipata uhuru tarehe 30 Juni. Tarehe 5 Julai askari wa Force publique waliasi. Askari wa Ubelgiji waliingia bila kuombwa na serikali yetu. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga, na alilitangaza hapahapa, katika mji uliokuwa ukiitwa bado Elisabethville. Kesho yake Rais Kasa-Vubu na Waziri Mkuu Lumumba waliuomba Umoja wa Mataifa msaada wa kijeshi. Katibu Mkuu, Dag Hammarskjöld, aliliita Baraza usiku, na tarehe 14 Julai azimio namba 143, lililotokana na rasimu ya Tunisia, lilipita kwa kura 8. Hakuna aliyelipinga. Watatu, yaani China, Ufaransa na Uingereza, hawakupiga kura upande wowote. Wakati ule Baraza lilikuwa na wajumbe 11, na azimio lilihitaji kura 7. Leo wajumbe ni 15 na kura zinazohitajika ni 9. Askari wa kwanza wa Umoja wa Mataifa walifika nchini ndani ya saa 48.

Waandaaji walishika kanuni za mwaka ule: viti 11, kura 7. Wawili kati ya vijana wetu walikuwa katika kamati hiyo. Binti mmoja alikuwa Tunisia. Kijana mmoja alikuwa Ceylon, nchi ambayo leo huitwa Sri Lanka. Yule mwenzao wa Ubelgiji alialikwa kusema bila haki ya kura, kama ilivyokuwa kweli.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, mlango ulifunguliwa na karatasi ikasomwa: mapigano yametokea kando ya reli, katika kijiji kimoja watu 200 wameuawa, wengine wamekimbilia kituo cha gari la moshi, hawana maji. Kabla msomaji hajakaa, mjumbe mmoja alisema kwamba watu 200 si wengi, kwamba hii ni mbinu ya waandaaji ya kuwatoa katika jambo kubwa, yaani viwanja vya ndege, na kwamba Baraza liendelee. Watu walicheka. Tusiwahukumu upesi. Walikuwa wamechoka, joto lilikuwa kali, na hakika kijiji kile hakikuwepo. Hata sisi, huko nyuma, tulitabasamu.

Tunisia aliweka kalamu yake mezani akatoka nje.

Tulimfuata. Alikuwa amesimama chini ya mwembe wa uwanjani, halii, ameikunja mikono yake. Tulimwambia kwamba ule ni mchezo tu. Alitutazama akasema, “Mwalimu, nkambo wangu alikaa katika kituo cha Likasi.” Kisha akatusimulia. Mwaka 1992 nkambo wake wa kike aliondolewa nyumbani pamoja na wengine kwa sababu walikuwa watu wa asili ya Kasai. Walingoja treni kituoni wiki nyingi, chini ya mahema na mabati. Ilipokuja, walipanda katika mabehewa ya mizigo. Njiani mtoto wake mdogo alikufa, wakamzika kando ya reli wakati treni imesimama, upesi, mahali ambapo hapana alama. Hata leo mama yule, akiombewa rozari nyumbani, huvitaja vituo vya reli kimoja kimoja mpaka afike kile, na hapo hunyamaza. “Walisema si wengi,” binti alituambia. “Mimi namjua mmoja tu.”

Vijana wapendwa, hapa inatupasa kusema lile ambalo hatukulisema.

Mwaka ule wa 1992 tulikuwa na umri wa miaka 22. Tulikuwa Likasi, katika masomo ya ualimu, na tuliimba katika kwaya. Tulikuwa kundi la vijana kama ninyi, wenye juhudi, wapenda mikutano. Maneno ya chuki yalipoanza kusemwa barabarani na vijana wenye fimbo walipoanza kupita nyumba kwa nyumba, sisi hatukushika fimbo. Jambo hilo lilitupa amani ya moyo kwa miaka mingi, amani isiyotustahili. Watu walipokusanyika kituoni kwa maelfu, kwaya yetu ilifanya kikao kuamua kama tuwapelekee maji. Jioni ya kwanza tulijadili nani aandike barua ya kuwaomba wakubwa ruhusa, na barua ianze kwa kumtaja nani. Jioni ya pili tulijadili kama neno “ndugu” lingeweza kutuletea matatizo. Barua ilikuwa ya kurasa tatu, nzuri sana. Ilikumbuka, ilisikitika, ilikuwa na wasiwasi. Bidoni za maji zilikuwa nne, zimejaa, zimepangwa kwenye pembe ya chumba kilekile tulichokaa.

Jioni hiyo ya pili mwenzetu mmoja alifika dirishani. Alikuwa mtu wa sauti ya chini katika kwaya, na darasani tuliketi naye benchi moja. Ukoo wake ulitoka Kasai, ingawa yeye alizaliwa Likasi na hakuwahi kuiona Kasai. Alisema mama yake yuko kituoni tangu juzi, ana kiu. Tulimjibu kupitia dirisha, bila kufungua mlango: “Vumilia kidogo, tunalishughulikia.” Alisema, “Haya.” Akaenda. Siku iliyofuata treni iliondoka. Hatukupata habari zake tena.

Mtu aweza kusema kwamba hatukuwa na uwezo, kwamba ilikuwa hatari. Ilikuwa hatari kweli. Lakini masista walikwenda. Mama wachache wa jumuiya zetu walikwenda na sufuria vichwani, wakatukanwa njiani, wakarudi kesho yake tena. Hawakuwa na barua yoyote.

Hatukumwambia binti yule mambo haya chini ya mwembe. Midomo yetu haikufunguka. Tulimwambia tu kwamba, kama anataka, ana haki ya kurudi na kuomba neno. Alirudi. Alisimama akaomba Baraza lijue jina la kijiji kile. Mwenyekiti alituma swali nyuma ya ukuta. Jibu likaja kwamba kijiji hakina jina. Basi Tunisia aliandika agizo la mistari mitatu: treni ya kwanza ibebe maji na dawa kabla ya kubeba askari, Msalaba Mwekundu upewe njia, na waliokufa waandikwe, kila mmoja kwa jina lake. Halikuwa na utangulizi. Aliwaomba wenzake walipigie kura.

Kura 6 zilikubali. Hakuna aliyekataa. Wajumbe 5 hawakupiga upande wowote. Zilihitajika 7, kwa hiyo agizo lilianguka, na Baraza likarudi kwenye viwanja vya ndege. Mmoja wa wale watano alikuwa Ceylon, kijana wetu.

Tungependa kuwaambia kwamba kesho yake mambo yaligeuka. Hayakugeuka. Kamati ilimaliza kazi yake, zawadi zikatolewa, Tunisia hakupata. Lakini katika basi, wakati wa kurudi, Ceylon alikuja kukaa karibu nasi. Aliuliza kama alifanya kosa. Tulimwuliza kwa nini hakuinua mkono. Alifikiri kwa muda mrefu, halafu akajibu kwa unyofu ambao hatutausahau: “Niliona jambo ni zuri, Mwalimu. Ila niliwatazama wengine, nao walikuwa wananitazama. Nikasema nisikubali, nisikatae, hivyo hakuna atakayenidai.”

Tulilifahamu jibu lile neno kwa neno. Ndilo lilelile lililokuwa ndani yetu usiku ule wa dirisha, nalo lilikuwa limekaa humo likitungoja. Ndipo tulimwita Tunisia, akaja, tukawasimulia wote wawili juu ya kwaya, bidoni nne na barua. Tulisema polepole, basi likiruka mashimoni, na walezi wenzetu walisikia pia. Tulipomaliza tuliogopa kumtazama binti. Tulidhani atauliza kwa nini, na kwa swali hilo hatuna jibu lililo bora kuliko la Ceylon. Yeye aliuliza jambo lingine. Alisema, “Yule rafiki yenu, jina lake nani?”

Tulilitaja. Ilikuwa mara ya kwanza jina lile kutoka kinywani mwetu tangu 1992. Binti aliliandika katika daftari lake la mkutano, chini ya agizo lake lililoanguka. Ceylon aliomba kalamu, akaliandika na yeye.

Sasa tunawajibu wazazi. Tulikwenda kuwafundisha watoto wenu namna watu wanavyoamua mambo wakiwa wengi, kwa sababu wataamua mambo wakiwa wengi maisha yao yote: katika jumuiya zetu hai, katika baraza la parokia, katika chama cha wanafunzi, mtaani. Nchi yetu yenyewe ilichaguliwa Juni 2025 kukaa katika Baraza la Usalama kwa miaka ya 2026 na 2027. Watakaokaa huko siku zijazo wako shuleni leo. Na sisi wenyewe, bila kujua, tulikwenda kujifunza.

Kwenu ninyi vijana tunaacha mambo matatu ya kuzungumza katika vikundi vyenu. La kwanza, jifunzeni utaratibu wa mikutano, na muuheshimu, maana bila huo mwenye sauti kubwa hutawala. Lakini siku mtakapojadili msaada, angalieni pembe za chumba: kama bidoni zimejaa, ziende kwanza, barua itafuata. La pili, mkisikia hesabu ya watu, ulizeni jina la kijiji. Hata leo, treni ikifika Lubumbashi kutoka Kasai, wapo wanaonong’ona juu ya “wale” na idadi yao. Ninyi mwende mkaulize ni nani. La tatu, msidanganywe na mkono usioinuliwa. Katika sala ya kuungama tunakiri pia mambo tuliyoacha kuyatenda, na mara nyingi tunayapita haraka tukielekea dhambi zenye kelele. Agizo la Tunisia halikuuawa na adui. Halikuwa na adui hata mmoja.

Jumapili iliyopita binti yule alituleta nyumbani kwao kumsalimu nkambo wake. Mama yule alitukaribisha, akatupa kiti, akatuletea maji ya kunywa. Tulimweleza sisi ni nani na mwaka ule tulikuwa wapi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alituuliza kama tulijua mahali kituo fulani kilipo, akakitaja, na kama gari huweza kufika huko siku hizi.

Tutaenda naye wakati wa kiangazi. Vijana wanaotaka kufuatana nasi wajiandikishe kwa katibu wa kikundi chao. Ceylon amekwisha kuandika jina lake.